Maji ya Saa Sita Mchana

Mhandisi Awatif Girgis alipiga magoti kwenye tope, akang'oa mche wa nyanya taratibu, akanusa mizizi yake kama mtu anayekagua samaki sokoni.

"Umelewa huu," alisema.

Meja Hatem Qandil alikuwa amesimama juu ya tuta, akilinda viatu vyake. "Nani kalewa?"

"Mche. Njoo unuse."

Meja alishuka shingo upande, akanusa, akarudisha kichwa nyuma haraka. "Hii ni pombe."

"Ni pombe kweli. Mzizi unapumua kama wewe. Ukifunikwa na maji ukakosa hewa, haufi papo hapo. Unachoma sukari yake bila hewa, na taka inayobaki ni pombe. Maji yakiwa ya moto ni balaa zaidi, kwa sababu hayabebi hewa, na mzizi kwenye joto unataka hewa nyingi kuliko kawaida."

"Kwa hiyo mahakamani nitasema nyanya zilikuwa chakari?"

"Hilo nitalisema mimi. Wewe utasema umemkamata nani."

Awatif alikuwa na miaka hamsini na miwili, na kwa miaka ishirini na minne alikuwa mtaalamu wa kilimo wa mahakama mkoani Fayoum, mtu anayeitwa majirani wanapogombania mpaka, mfereji, au sumu iliyopeperuka upande usio wake. Kwa maiti hakuwahi kuitwa. Safari hii aliitwa kwa sababu daktari alishindwa.

Yaliyojulikana yalikuwa machache. Jana, Ijumaa, kabla ya sala ya adhuhuri, Mitwalli, mtunza lango la mfereji wa Bahr Danyal, aliwapigia polisi simu kwamba shamba la Hamdan Qutb limefurika, na Hamdan mwenyewe amelala kifudifudi kati ya matuta, maji yamemfunika. Fuvu lilikuwa limepasuliwa kwa kitu cha chuma. Kwa siku kumi joto la mchana lilikuwa halijashuka chini ya nyuzi arobaini na nne. Daktari aliandika kwamba mwili uliokaa kwenye maji ya moto namna hiyo unaweza kuwa wa siku mbili au wa siku tano, na kwamba yeye hawezi kuapa kwa lolote kati ya hayo mawili.

Maisha ya Gaballah yalining'inia kwenye pengo hilo. Gaballah alikuwa jirani wa Hamdan, na kwa miaka sita waligombania ukingo mmoja wa shamba. Mitwalli aliandikisha kwamba Alhamisi alfajiri, katika zamu ya maji ya Gaballah, alimwona kwa macho yake akiukata ukingo huo na kuyaelekeza maji kwa Hamdan. Yeyote aliyeyaingiza maji yale ndiye aliyeua. Juu ya hilo hakuna aliyebisha, kwa kuwa Hamdan aliyekuwa hai asingekubali shamba lake lizamishwe. Kama ni Alhamisi, Gaballah alikuwapo. Lakini tangu Jumapili hadi Jumatano usiku alikuwa Kairo, amempeleka mkewe hospitali ya macho, na wauguzi watatu walimkumbuka kwa sababu aligombana na kila mmoja wao.

"Saa nane mchana mwendesha mashtaka anaamua," Meja alisema. "Akimshikilia Gaballah, ni kesi ya kitanzi. Akimwachia kwa kukosa ushahidi, hafiki nyumbani. Ashour, mdogo wake marehemu, amekaa kwenye kibanda cha chai mkabala na kituo tangu jana. Ana mfuko mrefu, wa kutosha bunduki."

"Mkamate."

"Kwa kosa la kunywa chai? Na nikimtoa Ashour wapo mabinamu kumi na wanne. Mama yake Hamdan na Ashour hajapokea rambirambi ya mtu. Viti vya msiba vimekodiwa, vimeletwa, na amevikataza visikunjuliwe."

Awatif hakuhitaji kuelezwa zaidi. Viti vya mama huyo, Hajati Nabawiyya, vingekunjuliwa siku damu itakapolipwa kwa damu, si siku moja kabla.

"Je, Hamdan hakutafutwa wiki nzima?"

"Jumatatu asubuhi alimwambia mama yake anakwenda Iskandaria kutafuta mnunuzi. Alisema atapita shambani kwanza. Walidhani yuko safarini."

Meja alionyesha majani. Kila mche ulikuwa umeyainamisha, vikonyo vyake vimejikunja kuelekea chini kama miavuli iliyofungwa nusu. "Haya si ushahidi? Hii si hali ya siku mbili. Mimea hii imekata tamaa siku nyingi."

"Hii ni hali ya siku moja au zaidi. Mzizi ukikosa hewa unatengeneza kitu ambacho hauwezi kukimalizia. Unakipandisha juu na maji ya mche. Kikifika kwenye majani kinapata hewa, kinageuka gesi, ileile inayoivisha ndizi unapozifunika. Gesi hiyo inalikunja jani. Siku mbili zingetosha, na tano zingetosha. Majani hayatusaidii, Meja. Usiyaandike."

Meja akafuta.

Awatif alikuwa ameshahamia kwenye shina. Alisafisha tope kwa kidole gumba, akasogeza miwani. Juu kidogo ya alama ya maji, pale hewa ilipoanza, shina lilikuwa limepasuka ngozi na kutoa mizizi mipya, myeupe, minene, ikichungulia pande zote. Alipima kwa rula ya chuma. Milimita kumi na moja. Wa pili, tisa. Wa tatu, kumi na mbili.

"Mizizi shinani?"

"Ya chini inakufa, kwa hiyo mche unaanza mingine mahali penye hewa. Gesi ileile ndiyo inayotoa amri."

"Inachukua siku ngapi kufika hapo?"

"Sijui."

Meja alimtazama kwa hasira ya mtu aliyeamka saa kumi alfajiri. "Hujui, bibi mhandisi?"

"Najua vitabu vinasemaje. Havikuandikwa kwa udongo huu, kwa mbegu hii, kwa joto la wiki hii. Wakili wa Gaballah akikosa kuniuliza hilo, wa mtu mwingine ataniuliza. Nataka nyanya za aina hii hii zilizozama Alhamisi alfajiri, na ambazo hakuna mtu anayebisha kwamba zilizama Alhamisi alfajiri." Akasimama, akajikung'uta magoti. "Gaballah alichukua zamu yake Alhamisi. Shamba lake lina kona ya chini?"

Ilikuwako. Hatua mia mbili kutoka pale, upande wa chini wa ukingo uliogombaniwa, maji ya zamu ya Gaballah yalikuwa yamejikusanya kwenye pembe na kutulia, kwa sababu mwenye shamba alikamatwa jana kabla ya kuyatoa. Miche ilikuwa ya kitalu kimoja na ile ya Hamdan, imepandwa wiki ileile. Mkewe Gaballah, jicho moja limefungwa bandeji, alisimama mlangoni mwa nyumba akiwatazama bila salamu.

"Mnatafuta nini tena? Mmeshamchukua."

"Natafuta nyanya zako zilizoharibika, dada," Awatif alisema. "Maji haya yaliingia lini?"

"Alhamisi, kabla jua halijatoka. Mimi ndiye niliyemshikia taa. Mwandikie huyo meja, maana nilipomwambia jana alikuwa na haraka."

Meja alitazama kalamu yake.

Awatif aling'oa mche. Majani yameinama vilevile. Mizizi ilinuka vilevile. Alipitisha ukucha kwenye shina, juu ya alama ya maji, akahisi vipele vidogo chini ya ngozi, kama vya mwili ulioshikwa na baridi. Hakuna mzizi uliotoka. Wa pili, vipele. Wa tatu, laini kabisa. Aliendelea mpaka kumi, kwa sababu mmoja ungeweza kuwa bahati, kisha akarudi kwa Hamdan akakata mashina kumi vilevile, akayatia yote kwenye chupa za spiriti, akaandika tarehe na saa, akawataka Meja na mkewe Gaballah waweke sahihi. Kisha akakata shina la kumi na moja la Hamdan, lenye mizizi mirefu kuliko yote, akalitia kwenye chupa ya maji.

"Hilo la nini?"

"Likiendelea kukua, nitajua linakua kwa kasi gani kwa siku."

Wakati wa kutoka alichuma pia nyanya moja ya Hamdan, akaitia mfukoni.

"Kwa hiyo?" Meja aliuliza garini.

"Kwa hiyo shamba la Hamdan lilizama muda mrefu kabla ya Alhamisi. Siku nne kwa uchache. Mimi naandika tano. Hiyo ni Jumatatu. Jumatatu zamu ilikuwa ya nani?"

"Ya upande wa magharibi. Huku lango lilikuwa limefungwa kwa kufuli."

"Na mkono wa chuma wa kulizungushia unakaa wapi?"

Meja hakuwasha gari. "Mitwalli ndiye aliyetupigia simu."

"Maiti iko kwenye eneo lake. Asingepiga yeye, ungemuuliza kwa nini."

Mitwalli walimkuta chini ya kibanda chake cha matete kando ya lango, birika jekundu likiwa juu ya jiko la spiriti. Alikuwa mzee mkavu, kanzu imefungwa kiunoni, vidole vimekunjamana kwa maji ya miaka mingi. Mkono wa lango ulikuwa umeegemezwa ukutani: chuma cha urefu wa dhiraa, kimepakwa grisi mpya tangu mwanzo hadi mwisho.

"Karibu, pasha. Karibu, bibi mhandisi. Kaeni kivulini, jua la leo halina adabu. Chai?"

"Baadaye," Meja alisema. "Turudie maelezo. Mara ya mwisho kumwona Hamdan hai?"

"Jumatano, magharibi, kama nilivyoandikisha. Alipita hapa, akasema amerudi safari, anakwenda kulala shambani. Akaniachia nyanya kilo mbili. Mungu amrehemu, hakuwa mchoyo."

"Zilikuwa nzuri?" Awatif aliuliza.

"Nzuri sana, bibi. Nyekundu, zimeiva barabara. Nilizila na jibini."

"Zote nyekundu?"

"Sasa mkulima atampa mwenziwe mbichi?"

Awatif alitoa nyanya mfukoni, akaiweka kwenye trei ya chai. Ilikuwa na rangi ya chungwa lililofifia. "Nimeichuma kwa Hamdan asubuhi hii. Ibonyeze."

Mitwalli aliibonyeza. Ilikuwa laini.

"Imeiva, na haitakuwa nyekundu kamwe. Joto likipita nyuzi thelathini na kitu, nyanya inaacha kutengeneza rangi nyekundu. Ya njano inaendelea peke yake. Siku kumi sasa. Nimetembea matuta yote ya Hamdan, na ya Gaballah, na ya watu wanne njiani. Sikuona moja nyekundu."

"Labda zilikuwa rangi hiyo basi. Macho ya uzee."

"Labda." Akaandika. "Mashina ya Hamdan yanasema maji yaliingia Jumatatu."

Mitwalli alicheka, akamgeukia Meja. "Pasha, tumefika huko? Shina la nyanya linaapishwa kwenye msahafu?"

"Halina haja," Awatif alisema. "Halikumuona mtu, na halina ugomvi na Gaballah."

Meja alivuta kigoda karibu. "Binti yako Sabah hajambo, mzee? Yuko wapi siku hizi?"

Mkono uliokuwa ukipanga vikombe ulisimama kidogo, ukaendelea. "Suez. Kwa shangazi yake."

"Hamdan alimposa miaka mitatu, halafu akamwacha. Hiyo naijua. Ila kuna jambo alilisema kahawani mbele ya watu, na kila mtu ninayemuuliza anakohoa. Mke wa Gaballah hakukohoa jana, ila mimi sikusikiliza. Hamdan alisema binti wa mtunza lango ni kama maji ya mwisho wa mfereji: yanachelewa, na yakifika yana chumvi."

"Maneno ya vijana."

"Watu walicheka?"

"Walicheka. Nilishasamehe, pasha. Mimi mtu mzima."

"Heri," Awatif alisema bila kuinua macho kwenye daftari. "Maana shamba lenyewe halikufa."

Mitwalli aligeuka. "Nani kasema?"

"Mimi. Matuta ya katikati yamekwisha. Ya ukingoni yametoa mizizi mipya. Maji yakitolewa leo, theluthi moja itaishi. Hajati atavuna mwezi wa kumi."

"Haitaishi."

"Nimepima."

"Umepima nini? Umepima nini wewe na rula yako? Mimi nimewafungulia watu maji miaka thelathini na sita. Maji ya alfajiri yananywesha. Maji ya saa sita mchana, jua namna ile, yanapika. Nilitia mkono mwenyewe, hayakushikika! Hakuna kinachotoka hai pale, hata magugu, hata…"

Birika lilifurika, likauzima moto. Hakuna aliyelisogeza.

"Hakuna mtu aliyetaja saa sita mchana," Meja alisema. "Wewe mwenyewe umeandikisha alfajiri. Ulitia mkono siku gani, mzee?"

Mitwalli alilitazama jiko lililozimika. Kisha akaitazama ile nyanya ya rangi ya chungwa, na alipoanza tena sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoa maelezo ya kazi.

"Sikutaka afe. Angekufa ningepata nini? Nilitaka aishi azione. Asimame pale aone miezi minne inapikwa ndani ya saa moja, na watu wamuulize kahawani, Hamdan, nyanya zako ziko wapi, na wacheke. Alikuja anakimbia. Akaushika mkono wa lango kutaka kufunga. Nikavuta, akavuta. Mimi nikashinda."

"Kisha ukamwacha siku tano."

"Gaballah alikuwa anarudi Jumatano," Mitwalli alisema. "Na Alhamisi ilikuwa zamu yake."

Meja alikifunga kile chuma kwenye gunia, grisi na vyote. Ndani ya tundu la ncha yake, pale kinapoingia kwenye jino la lango, grisi haikuwa imefika. Palikuwa na weusi uliokauka.

Saa saba na nusu walikuwa uani kwa Hajati Nabawiyya. Viti mia vilikuwa vimeegemezwa ukutani, vimekunjwa, vimefungwa kamba. Mama mwenyewe alikaa chini kwenye mkeka, amejifunga nyeusi, na hakuwaambia wakae.

"Niambieni bila sukari," alisema.

Awatif alimwambia: siku, saa, chuma, na sababu. Alitumia maneno yaleyale ambayo angeyatumia mahakamani. Hajati alisikiliza bila kupepesa.

"Siku tano kwenye maji hayo."

"Tano."

"Na jana alikuja hapa, huyu. Alisimama pale unaposimama wewe. Akaniambia, usikunjue viti, Hajati, mpaka Gaballah alipe. Nikambusu kichwa." Alinyoosha mkono. "Simu."

Meja alimpa yake. Alibonyeza namba kwa kidole kimoja, akangoja.

"Ashour. Umekaa? Endelea kukaa. Gaballah akitoka, mshike mkono, mlete mpaka mlangoni kwake, mbele ya watu. Akidondokewa hata na kofia, wewe si mwanangu. Si yeye. Nitakwambia ni nani ukifika." Akasikiliza. "Ndiyo. Njoo nayo. Isafishe kwanza, imekaa kwenye vumbi."

"Hajati," Meja alisema.

"Nimekusikia, mwanangu. Wewe una mahakama yako. Kama inafanya kazi, yangu itabaki kabatini. Kama haifanyi, nitajua mapema kuliko wewe." Akamrudishia simu. Macho yake yalikuwa yametua kwenye mkoba wa Awatif. "Chupa hiyo ina nini?"

"Shina la Hamdan. La ukingoni."

"Liko hai?"

"Liko hai. Hii mizizi imeota yenyewe, ndani ya yale maji."

"Nipe."

"Kumi ni ya mahakama. Hili ni la kumi na moja." Awatif alifikiri kidogo. Kasi ya kukua alikuwa ameshaipata njiani: milimita mbili tangu asubuhi. Akampa.

Hajati alivuta chungu kilichopasuka mdomo, akachota udongo wenye unyevu chini ya mtungi wa maji, akalipanda shina mpaka mizizi myeupe ikapotea. Akalikandamiza kwa vidole viwili. Chungu akakiweka kivulini, mbele ya viti.

"Linazaa baada ya muda gani?"

"Siku sabini. Themanini, joto lisiposhuka."

"Na yeye, mpaka wamnyonge?"

"Kama watamnyonga," Meja alisema, "miaka miwili. Mitatu akikata rufaa."

"Basi nitaweka mbegu," Hajati alisema, "na mbegu za mbegu. Siku hiyo nitawakatia nyanya waje kula, na viti hivi vitakunjuliwa."

Meja, aliyehitaji kufanya kitu kwa mikono yake, alichota kikombe cha maji mtungini, akakiinamisha juu ya chungu. Mama alimshika kifundo cha mkono kabla tone la kwanza halijadondoka.

"Si saa hizi," alisema. "Alfajiri."